Namna ya Kuwatambua Buibui Wanaoishi Nyumbani Mwetu

Mtu anapomwona buibui ukutani, aghalabu swali la kwanza ni kama ana sumu. Swali hilo halimfikishi mbali, kwa sababu buibui karibu wote wana sumu, ambayo ndiyo silaha yao ya kuulia wadudu wanaowala. Ila kwa walio wengi meno ni mafupi mno kupenya ngozi ya mtu, au sumu yenyewe haina nguvu ya kumdhuru. Linalofaa kuulizwa kwanza ni wapi amekutwa na alikuwa akifanya nini. Aliyening'inia kwenye utando pembeni mwa dari, anayekimbia ukutani usiku na aliyejificha chini ya ukingo wa kiti cha plastiki ni viumbe watatu tofauti kabisa, hata kama wote ni wa rangi ya udongo.

Wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya aina 50,000 za buibui duniani, na hakuna mwongozo wa kurasa chache unaoweza kuwamaliza. Hata hivyo wanaoishi na watu ndani ya nyumba ni wachache, na wengi wao ni walewale kutoka mji hadi mji, kwa kuwa wamesafiri na mizigo ya watu na kuenea katika nchi nyingi za joto. Kiswahili cha kila siku huwaita wote buibui tu. Kwa hiyo nitawaeleza kwa sifa zao, na nitataja jina la kisayansi pale msomaji atakapolihitaji, ili akitafuta picha ampate yuleyule ninayemsema. Ninaandika nikiwa Tanga, katika nyumba yenye baraza, paa la bati na stoo isiyofunguliwa mara kwa mara, na wengi kati ya hawa nimewatazama humohumo.

Hatua ya 1: Andaa vifaa na umfunike bila kumdhuru

Huhitaji vifaa vya maabara. Tafuta tochi, glasi au kopo la plastiki linaloonyesha ndani, karatasi ngumu kama jalada la daftari, rula, na simu yenye kamera. Mfunike buibui kwa glasi taratibu akiwa ametulia, kisha pitisha karatasi kati ya mdomo wa glasi na ukuta bila kuinua glasi. Akishapanda juu ya karatasi, unaweza kumtazama pande zote kwa utulivu, naye hawezi kukufikia.

Piga picha tatu: moja kutoka juu, moja ya uso, na moja ya upande wa chini wa tumbo, ambayo ndiyo watu huisahau na ndiyo yenye alama muhimu kuliko zote. Mwanga wa tochi uelekeze kutoka pembeni, maana ukimulika moja kwa moja kupitia glasi utapata picha ya mng'ao mtupu. Weka rula kando ya glasi katika kila picha, kwa sababu hofu humkuza buibui. Nimewahi kuitwa nikatazame buibui aliyesemwa kuwa ni mkubwa kama kiganja, na kwa rula mwili wake haukufika sentimita 2.

Rangi iandike mwisho. Dume na jike wa aina moja huweza kuvaa rangi zisizofanana hata kidogo, mtoto akawa na rangi yake, na aliyetoka kujivua gamba akawa mweupe kwa saa chache kabla ya rangi yake kurudi. Anayeanza na rangi atawahesabu buibui watatu pale alipo mmoja.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba ni buibui

Hesabu miguu. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili: ya mbele, inayobeba macho, kinywa na miguu yote, na tumbo, lililoungana nayo kwa kiuno chembamba sana. Mdudu ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu, na pembe za kupapasia kichwani. Mbele ya miguu minane ya buibui utaona viungo viwili vifupi vinavyofanana na miguu. Hivyo ni vipapasio vyake, na vikiwa vimevimba nchani kama glovu za bondia, huyo ni dume aliyekomaa.

Wapo wanaodhaniwa kuwa buibui na sio. Katika sehemu kavu huingia usiku, akifuata mwanga wa taa, kiumbe mwenye manyoya ya rangi ya mchanga, taya kubwa zilizoelekea mbele na mbio za ajabu, ambaye wanasayansi humweka katika kundi la Solifugae. Taya zake zinaweza kubana, lakini hana sumu. Mwingine ni yule bapa mweusi anayekaa kwenye mapango, vyoo vya shimo na stoo zenye unyevu, mwenye miguu miwili ya mbele iliyorefuka na kuwa myembamba kama mijeledi. Huyo ni wa jenasi (yaani kundi la aina zinazohusiana kwa karibu) iitwayo Damon, na sura yake inatisha watu wengi sana, ilhali hana sumu wala mwiba na kazi yake usiku ni kula wadudu.

Kinyume chake, wapo buibui wanaodhaniwa kuwa sio. Wa jenasi Myrmarachne wana kiuno na mwendo wa sisimizi, na huinua miguu miwili ya mbele na kuipapasisha hewani kama pembe za sisimizi, hata mtu akawa anaishi nao miaka yote kwenye fremu ya dirisha bila kujua. Ukimwona sisimizi anayetembea peke yake na kushuka kwa uzi anaposhtuliwa, hesabu miguu yake tena.

Na ukikuta ukutani buibui mkavu, mwepesi kama ganda la kitunguu, asiyetikisika ukimgusa, usidhani amekufa. Buibui hukua kwa kujivua gamba zima, miguu kwa meno, naye mwenyewe atakuwa yu hai mahali fulani karibu, na mkubwa zaidi ya hilo gamba.

Hatua ya 3: Angalia kama kuna utando, na ni wa namna gani

Utando ovyo wa nyuzi nyembamba pembeni mwa dari, nyuma ya kabati au chini ya ngazi, wenye vumbi na mabaki ya mbu, ni wa buibui wenye miguu mirefu wa familia ya Pholcidae. Mwili wao ni mdogo, lakini miguu ni mirefu mara nyingi kuliko mwili na myembamba kama uzi wa cherehani. Kipimo chao cha hakika hakihitaji hata tochi: gusa utando kwa ncha ya ufagio, naye atajitikisa kwa kasi hadi umbo lake lipotee machoni. Ukimtazama kwa karibu, yule ambaye tumbo lake lina kona na ncha iliyochongoka nyuma kwa juu ni Crossopriza lyoni. Mwenye tumbo refu la mviringo lenye madoa ya kahawia iliyokolea huenda akawa Smeringopus pallidus. Hawa hawadhuru mtu. Hunasa mbu, na hula hata buibui wengine wanaokosea njia na kuingia kwenye utando wao. Mimi nawaachia kona mbili za stoo na kufagia kwingineko.

Kwenye ukuta uliopakwa rangi, hasa pale unapokutana na dari, utaona vijitando bapa vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko shilingi, kama doa la chokaa lenye nyuzi zinazochomoza pembeni. Chini yake anakaa Oecobius, buibui wa milimita 2 au 3 tu. Mtazame sisimizi anapopita: buibui hutoka na kumzunguka mbio huku akimfunga kwa uzi, kisha humrudisha chini ya utando wake.

Nje, chini ya paa, utakuta utando mkubwa wa duara ulioegemea ukuta, na kwa juu, penye boriti au bati, bomba la uzi ambamo mwenyewe hujificha mchana. Huyo ni Nephilingis cruentata, mkazi wa nyumba nyingi za Afrika ya joto. Jike ni mnene, mwenye tumbo la rangi ya kijivu au kahawia, na ukimulika upande wa chini wa sehemu yake ya mbele, katikati ya mashina ya miguu, utaona rangi nyekundu au ya chungwa. Nyekundu hiyo imewaponza wengi wao, kwa kuwa watu wamesikia kwamba buibui hatari ana alama nyekundu chini. Lakini huyo wa hatari, ambaye nitamweleza mbele, alama yake iko kwenye tumbo, na utando wake hauna duara.

Hatua ya 4: Asiye na utando, mtazame anavyokwenda

Buibui anayeshtua watu kuliko wote katika nyumba za pwani ni yule mkubwa wa ukutani, Heteropoda venatoria. Mwili wa jike hufika sentimita 2 na zaidi kidogo, na miguu ikinyooshwa huweza kupita sentimita 10. Ni bapa, na miguu yake imelala kuelekea pembeni kama ya kaa, kwa hiyo hupenya nyuma ya kalenda au kwenye ufa wa mlango usioamini kwamba unaweza kumpokea. Chini ya macho ana mstari wa rangi ya maziwa unaofanana na masharubu, na miguuni ana vidoa vyeusi. Hafumi utando wa kunasia. Huwinda kwa mbio, na windo lake kubwa ni mende.

Usiku mmoja niliwasha taa ya jikoni nikamkuta jike wa aina hiyo kando ya sinki, mende mzima mdomoni, miguu yake ya mbele imemkumbatia kama mtu aliyebeba gunia. Hakukimbia. Nilikaa naye kwa muda mrefu, na mende alipokwisha kulainika ndipo nikaona jinsi buibui anavyokula: hatafuni vipande na kumeza, ila humwagia windo majimaji ya kulimeng'enya na kunyonya kilichoyeyuka, hadi likabaki donge dogo la mabawa na miguu, akaliangusha sakafuni. Asubuhi yake sikufagia ukuta ule. Ukimbana kwa mkono anaweza kuuma, na kuuma kwake kunauma, lakini maumivu hayo hupita.

Anayefanana naye ila ni mdogo na bapa zaidi, kama karatasi iliyobandikwa ukutani, ni wa jenasi Selenops. Ukimkaribia hutoweka kwa mruko mmoja wa pembeni hata ukashindwa kusema alielekea wapi. Macho yake sita kati ya manane yamepangwa mstari mmoja mbele.

Wa familia ya Salticidae, buibui warukaji, watakupa furaha kubwa zaidi ukiwapa muda. Wengi hawafiki sentimita 1. Utawajua kwa macho: manne yamepangwa mbele ya uso, na mawili ya katikati ni makubwa kama taa za gari. Sogeza kidole kushoto, naye atageuza mwili kukifuata. Hakuna buibui mwingine wa nyumbani atakayekutazama namna hiyo. Kwenye kuta za nje zinazopigwa na jua huwinda Menemerus bivittatus, wa kijivu, akiwanyemelea nzi hatua kwa hatua. Plexippus paykulli hukaa karibu na taa za barazani, ambapo dume ni mweusi mwenye mistari myeupe na jike ni wa kahawia yenye mstari hafifu mgongoni, na hapo ndipo niliposema kwamba rangi hudanganya.

Wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, wanaye mmoja wa kuwaonea fahari. Ni Evarcha culicivora, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2003, mwenye uso mwekundu. Watafiti waliofanya kazi Mbita, upande wa Kenya wa ziwa, waligundua kwamba hupendelea kula mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na kati ya mbu humchagua anofelesi, yule aenezaye malaria, ambaye hata watoto wa buibui huyu humtambua kwa namna mbu huyo anavyotua akiwa ameinua tumbo. Vilevile huvutwa na harufu ya watu, kama ile ya soksi iliyovaliwa. Anayemwona buibui huyu mdogo kwenye ukuta wa chumba cha kulala na kumpiga kwa ndala amemwondoa mlinzi wake mwenyewe.

Wengine nitawapitia upesi. Anayetembea taratibu usiku, mwenye mgongo wa mbele ulioinuka kama kibiongo na macho sita tu, ni Scytodes, ambaye hutemea windo gundi iliyochanganyika na sumu na kulibandika lilipo. Anayekimbia sakafuni au uani na ambaye macho yake hurudisha mwanga wa tochi kama vipande vya kioo ni wa familia ya Lycosidae. Shika tochi usawa wa macho yako, vinginevyo hutauona mng'ao huo. Mwenye rangi ya majani makavu, taya nyeusi na kifuko cha uzi kwenye mkunjo wa pazia anachojilaza mchana ni Cheiracanthium, na huyu usimshike, kwani huuma watu usiku akibanwa kwenye shuka, na maumivu yake yanafanana na ya nyuki. Na yule mkubwa mwenye manyoya mengi, miguu minene na meno yanayoelekea chini sambamba, ambaye Kenya na Tanzania yumo wa jenasi Pterinochilus na Pelinobius, ni mkazi wa mashimo ya ardhini. Anayeingia ndani wakati wa mvua aghalabu ni dume anayetafuta jike. Akiinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, amekwisha kukuonya. Mfunike kwa ndoo, usimguse kwa mkono, kwa sababu kuuma kwa Pterinochilus kunaleta maumivu makali na misuli kukaza.

Kabla ya kwenda mbele, tazama kama aliyeko mbele yako ni jike mwenye mayai, kwa kuwa namna ya kuyatunza hueleza mengi kuliko rangi. Buibui wa miguu mirefu huyashika mdomoni yakiwa yamefungwa kwa nyuzi chache. Yule mkubwa wa ukutani hubeba kifuko bapa cheupe chini ya kifua, na Lycosidae hukiburuta nyuma kikiwa kimeshikamana na ncha ya tumbo, kisha watoto wakitoka huwapandisha mgongoni. Selenops hubandika kifuko bapa ukutani, mara nyingi nyuma ya picha. Na yupo mmoja ambaye kifuko chake kinatosha kumtambulisha hata asipoonekana mwenyewe.

Hatua ya 5: Huyu mmoja mjue vizuri

Latrodectus geometricus ni buibui wa kahawia ambaye kila mwenye nyumba anapaswa kumfahamu. Mwili wa jike ni kama sentimita 1, tumbo limeviringika kama punje ya mbaazi, na rangi yake huanzia kijivu iliyopauka hadi kahawia inayokaribia nyeusi, ikiwa na michoro ya madoa na mistari mgongoni. Miguu ina pete za rangi iliyokolea kwenye maungio. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, yenye umbo la pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha. Hiyo ndiyo picha ya tatu niliyosema watu huisahau.

Kifuko chake cha mayai ni duara la rangi ya maziwa au manjano iliyopauka, kubwa kidogo kuliko punje ya mbaazi, lenye vijinyuzi vilivyochongoka pande zote. Kwa anayejua matunda ya Unguja na Tanga, ni shokishoki dogo. Hakuna buibui mwingine wa nyumbani kwetu mwenye kifuko kama hicho. Binamu yake asiye na madhara, Parasteatoda tepidariorum, hufuma utando unaofanana na wake na ana tumbo la duara pia, lakini hana alama ya chungwa chini, na vifuko vyake ni vya kahawia, laini, kama matone ya karatasi ya kaki.

Utando wake ni wa nyuzi zilizopishana bila mpangilio, na ni mgumu. Nilimjua kwa mara ya kwanza siku ya shughuli nyumbani, tulipokuwa tukihamisha viti vya plastiki vilivyokaa stoo kwa miezi kadhaa. Niliingiza vidole chini ya ukingo wa kiti, na uzi ulipokatika nikasikia mlio, kitu ambacho utando wa kawaida haufanyi. Nilipokipindua kiti niliona vishokishoki vinne vimepangwa kwenye kona ya mguu, na mwenyewe amejikunja, miguu imebanwa mwilini, ametulia kama mfu. Vidole vyangu vilikuwa vimepita karibu naye kwa upana wa kucha. Hakuniuma, kwa sababu ndivyo alivyo: hukimbilia kujikunja na kuanguka kabla ya kuuma, na anayeumwa kwa kawaida ni aliyembana bila kumwona.

Kwa hiyo mahali pa kumtafuta ni pale mkono au mguu unapoingia bila macho kutangulia. Mulika chini ya ukingo wa viti na meza za plastiki, ndani ya mabuti ya shambani, kwenye mdomo wa vyungu vya maua visivyotumika, ndani ya kisanduku cha mita ya maji, chini ya sinki la nje, kwenye kona za geti la chuma, chini ya tandiko la baiskeli iliyoegeshwa muda mrefu, na katikati ya matofali yaliyopangwa uani. Sumu yake ni ya kundi moja na ya ndugu zake weusi, lakini anapomwuma mtu huingiza kiasi kidogo, na waliowahi kuumwa wengi hupata maumivu na wekundu mahali hapo, kisha hupona. Ndugu zake weusi, wanaokaa zaidi mashambani na porini, ndio wanaoleta maumivu makali ya misuli na tumbo na jasho jingi. Ukimkuta mweusi mwenye umbo hilo la tumbo la duara na alama nyekundu, usijaribu kumfunika kwa glasi ikiwa hujazoea.

Hatua ya 6: Usimtambue buibui kwa kidonda

Watu wengi huamka na alama ya kuungua shingoni au mkononi, wakasema wamekojolewa na buibui. Buibui hamkojolei mtu, na uchafu anaoutoa, yale madoa meupe na meusi unayoyaona ukutani, hauchomi ngozi. Anayesababisha nyingi ya alama hizo ni mbawakawa mwembamba wa jenasi Paederus, anayefahamika kwa jina la nzi wa Nairobi ingawa si nzi, mwenye milimita 7 hadi 10, kichwa cheusi na mwili wenye pete nyekundu na nyeusi, na sura ya kama sisimizi. Hutokea kwa wingi baada ya mvua na hufuata taa. Hang'ati wala hachomi. Ila akisagwa kwenye ngozi, majimaji ya mwili wake yana kemikali inayochoma, na malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, mara nyingi kwa mstari, kufuata njia ya kidole kilichomsugua. Yakitokea kwenye mkunjo wa kiwiko utaona vidonda viwili vinavyotazamana. Akikutua mpulize, usimpige, na kama amesagika osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, pamoja na mikono, kabla hujagusa macho.

Malengelenge yanayojipanga upande mmoja wa mwili, kiunoni au kifuani, yakitanguliwa na maumivu ya kuungua, yanaweza kuwa mkanda wa jeshi, ambao ni ugonjwa wa virusi na unatakiwa kutibiwa mapema hospitalini. Nalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu kila siku inayopotea kwa kumtafuta buibui kitandani ni siku ya tiba iliyopotea. Vivyo hivyo jipu linalokua na kutoa usaha ni la daktari. Kumtaja buibui kunahitaji kwamba alionekana akiuma.

Zipo pia picha zinazosambazwa kwenye simu za vidonda vya kutisha, zikidaiwa kuwa kazi ya buibui mdogo wa kahawia aliyeko kila nyumba. Buibui anayetajwa katika nyingi ya picha hizo, Loxosceles reclusa, ni wa Marekani, hasa majimbo ya kati na kusini.

Hatua ya 7: Mtu akiumwa

Osha mahali alipoumwa kwa sabuni na maji, kisha weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika chache chache. Usichanje, usinyonye, usifunge kwa kamba, na usipake mafuta ya taa wala maji ya betri. Kama buibui amepatikana, mtie kwenye chupa yenye mfuniko hata kama amepondeka, au chukua zile picha tatu, ili mhudumu wa afya aone buibui aliyeuma. Nenda kituo cha afya bila kusubiri iwapo misuli inakaza, tumbo linauma, jasho linatoka kwa wingi, pumzi inabana au maumivu yanapanda kutoka mahali palipoumwa kuelekea mwilini. Mtoto mdogo, mzee na mjamzito wapelekwe hata kabla ya dalili hizo ikiwa aliyewauma alikuwa na alama ya chungwa au nyekundu tumboni.

Hatua ya 8: Amua wa kumwacha na wa kumwondoa

Wazee wengi wa mwambao huwakataza watoto kuua buibui, wakikumbuka kisa cha pango la Thaur, ambamo husimuliwa kwamba buibui alitanda utando mlangoni wakati Mtume Muhammad (S.A.W.) na Abubakar walipojihifadhi humo katika safari ya Madina. Nimelelewa katika katazo hilo na nalishika, isipokuwa kwa huyo mmoja wa hatua ya 5 anapokuwa mahali pa mikono ya watoto. Yeye mwondoe kwa kijiti: zungusha utando wote kwenye kijiti pamoja na vifuko vya mayai, kisha kitumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni, ukiwa umevaa glovu nene na viatu vya kufunika. Vifuko usiviache, kwani kimoja huweza kubeba mayai zaidi ya 100, na rudi kutazama palepale baada ya wiki mbili.

Wengine uliowafunika kwa glasi watoe nje jioni, jua likiwa limepoa, na uilaze glasi kwenye majani karibu na ukuta, mdomo ukielekea kivulini. Usimtikise atoke. Andika kwenye daftari tarehe, chumba, mahali alipokuwa, urefu wa mwili kwa rula, utando wa namna gani, na mwisho kabisa rangi. Kisha iache glasi hapo, maana mrukaji hutoka papo hapo, ila yule wa miguu mirefu anaweza kukaa humo hadi alfajiri.